Miguu isiyotulia usiku: pembeni ya kitanda chako kuna nini?

Mwanaipagala
Wakuu, habari za jioni. Nataka tuzungumze jambo ambalo hospitalini hakuna anayekuuliza: pembeni ya kitanda chako umeweka nini?

Watakaonielewa ni wale ambao wakijilaza tu, kuanzia saa tatu au saa nne usiku, vigimbi vinaanza. Si maumivu, si ganzi. Kuna kitu kinatambaa ndani kwa ndani na kinakulazimisha usogeze mguu. Ukiusogeza kinatulia, ukitulia wewe kinaanza. Ukiinuka ukazunguka chumba kinaisha, ukirudi kitandani mnaanza upya. Huu ni ugonjwa wa miguu isiyotulia, madaktari wengine wanauita Willis-Ekbom. Mimi ninao tangu ujana na mama yangu anao.

Hoja yangu ni hii. Miguu ikikuamsha, bado unayo nafasi ya kurudi usingizini. Kinachokumaliza ni kuwasha taa kubwa, kutafuta ndala, kwenda jikoni kufuata maji, kufungua kabati kutafuta kanga. Ukimaliza hayo yote usingizi umeshakwenda zake. Kwa hiyo kila kitu nimekiweka pale mkono unapofika nikiwa nimelala.

Kwangu kuna stuli ya mbao. Juu yake tochi ndogo niliyoifunga kitambaa chekundu isinichome macho, chupa ya maji, daftari na kalamu. Chini yake beseni lenye maji kidogo, na taulo. Kwenye nguzo ya kitanda nimening'iniza kipande cha tyubu ya baiskeli nilichokifunga kikawa duara. Miguu ikianza naingiza nyayo zote mbili ndani ya lile duara, nazisukuma zitengane, nashikilia mpaka mapaja yanaanza kutetemeka, halafu naachia taratibu. Narudia. Mara nyingi sihitaji hata kushuka kitandani.

Wenzangu mnaweka nini? Na kipi mlikiweka mkaona hakina maana?

Gunzi la Kibaigwa
Dada umenigusa. Mimi niko kwenye mahindi kwa hiyo magunzi sinunui. Gunzi kavu liko chini ya kitanda muda wote. Nakaa ukingoni, naliweka chini ya unyayo, nalivingirisha kuanzia kisigino mpaka vidoleni huku nimelikandamiza. Ule ukwaru wake ndio kazi yenyewe. Watu wanasifia chupa ya soda, mimi naona inateleza mno, mguu hauhisi kitu.

Ila beseni la maji mwezi wa saba hapa Dodoma, na upepo ule? Hapo hatuko pamoja. Mimi ni maji ya moto tu.

Kijana wa Nkuhungu
Simu inatosha wakuu. Inawaka, inaonyesha saa, unasikiliza mambo mpaka usingizi unakuchukua. Stuli, beseni, gunzi, hicho chumba kitabaki na nafasi ya kulala?

Mwanaipagala
Kijana, siku vigimbi vikikuanza utakuja kuniomba hiyo tyubu.

Nesi Mstaafu
Salaam. Mleta uzi umeeleza dalili vizuri kuliko wagonjwa wengi niliowaona. Mambo manne yanautambulisha: hamu ya kusogeza miguu, kuzidi unapopumzika, kupungua unaposogea, na kuzidi jioni na usiku.

Kuhusu simu, Kijana wa Nkuhungu, kusikiliza ni sawa, kuitazama ndiyo shida. Ule mwanga unauambia ubongo bado mchana. Iweke kifudifudi.

Sasa naomba mnisikilize kwa hili. Kabla hujapanga stuli, panga kipimo. Chanzo kinachotibika kwa wengi ni upungufu wa madini ya chuma. Na usidanganyike na kipimo cha wingi wa damu peke yake. Damu inaweza kuwa 13 na akiba ya chuma iko chini kabisa. Kipimo cha akiba kinaitwa feritini. Kwa mtu mwingine 40 ni kawaida tu, lakini kwa mwenye ugonjwa huu wataalamu wanashauri aongezewe chuma akiwa na 75 au chini yake. Damu itolewe asubuhi kabla hujala, na kama unameza vidonge vya kuongeza damu usivimeze siku moja kabla.

Mzee wa Bahi
Sisi tulikua tunakula mlenda na ugali wa uwele, tunalima kutwa, na usiku tunalala. Haya magonjwa yametoka wapi? Vijana mnakaa ofisini, jioni mnakunywa chai ya rangi vikombe kwa vikombe, kisha mnashangaa miguu. Acheni chai.

Kisasa Mama Kijacho
Shikamoo Mzee. Chai sinywi kabisa tangu mimba iingie maana inanichefua, na miguu ndiyo imeanza sasa hivi, mwezi wa saba wa ujauzito. Kabla ya hapo sikuwahi kuisikia. Mume wangu amehamia sebuleni.

Kwangu pembeni kuna mito miwili, mmoja kati ya magoti, na kanga. Ile kanga naizungushia kigimbi kuanzia kifundo cha mguu kupanda juu, imebana kiasi. Ikishabana namna ile mguu unatulia kidogo. Nesi, kuna ubaya?

Nesi Mstaafu
Marahaba kwa niaba ya Mzee, maana anachelewa kujibu. Mama, hilo linawapata wajawazito wengi, hasa miezi mitatu ya mwisho, na kwa walio wengi linaondoka baada ya kujifungua. Kliniki waambie wazi, usisubiri waulize. Kanga haina ubaya kama vidole havibadiliki rangi wala kufa ganzi, na usilale nayo usiku kucha. Na mguu mmoja ukivimba peke yake, ukauma, ukawa na joto, usifunge kitu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda.

Mzee wa Bahi
Marahaba mwanangu. Mungu akujalie ujifungue salama. Hata hivyo chai bado naishikilia.

Daktari Mtarajiwa
Nasoma udaktari hapa UDOM, niongeze kidogo. Mzee hayuko mbali sana. Kahawa na chai zinawazidishia baadhi ya watu, na chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kufyonza chuma. Kwa hiyo chai inaweza kukupiga kwa njia mbili.

Ila kusema ugonjwa ni wa juzi si kweli. Thomas Willis, daktari wa Kiingereza, aliandika habari zake mwaka 1672. Karl-Axel Ekbom wa Sweden ndiye aliyeuchambua kwa kina mwaka 1945. Ndiyo maana unabeba majina yao. Maelezo yenye nguvu leo ni kwamba chuma hakitoshi ndani ya ubongo, hata kama kwenye damu kipo, na hilo linavuruga dopamini, ambayo ni kemikali inayohusika na mijongeo ya mwili. Jioni mambo hayo yanashuka zaidi, ndiyo maana usiku ni balaa.

Mtoto wa Mpwapwa
Mnaongea dopamini, kwetu mtu akirusha miguu usiku wazee wanasema anafuatwa. Shangazi yangu alizungushwa kwa waganga miaka mingi. Sisemi wazee ni waongo. Alipochanjwa na kupewa dawa ya kuoga kuna kipindi alilala vizuri. Hilo mtalielezaje?

Daktari Mtarajiwa
Ugonjwa huu unakuja na kuondoka wenyewe, hasa miaka ya mwanzo. Unaweza kupotea wiki au miezi, chochote ulichokuwa unatumia wakati huo kikapata sifa. Halafu kuoga maji ya moto jioni kunasaidia kweli, dawa iwemo isiwemo.

Mtoto wa Mpwapwa
Sawa, lakini hujamuona shangazi. Usiku mguu unaruka wenyewe akiwa usingizini fofofo, unaruka kwa mpangilio kabisa. Mtu analala, mguu hauko naye.

Nesi Mstaafu
Hilo linajulikana. Walio wengi wenye miguu isiyotulia wanakuwa pia na hiyo mirusho ya usingizini. Inakuja kila baada ya sekunde ishirini, thelathini hivi, na mgonjwa mwenyewe hajui, anayejua ni anayelala naye. Shangazi alishawahi kupimwa feritini?

Mtoto wa Mpwapwa
Hajawahi. Nitamuuliza binti yake.

Shemeji wa Chang'ombe
Mimi ndiye anayelala naye! Mke wangu ananipiga mateke toka tumeoana. Upande wangu wa kitanda kuna mto mrefu nimeuweka katikati, basi. Naomba wataalamu wa vifaa mtukumbuke na sisi.

Gunzi la Kibaigwa
Shemeji, mshonee ndala za sufi.

Dereva wa Usiku
Nimeendesha basi miaka mingi, huu ugonjwa naujua nikiwa kwenye kiti cha abiria, si kwenye usukani. Nikiendesha miguu ina kazi, hainisumbui. Nikipumzika akashika mwenzangu, hapo Gairo sijafika nimeshasimama.

Kwangu mimi chanzo ni kusimama na kukaa mno, damu inajikusanya miguuni. Nyumbani nikilala naweka mto wa maharage chini ya visigino: pamba imetolewa, yamewekwa maharage makavu. Ni mzito, unachukua umbo la mguu. Wakati wa baridi mama watoto anauanika juani mchana, jioni unakuwa na uvuguvugu.

Binti wa Area C
Dereva, damu kujikusanya ni suala la mishipa kuvimba, hilo miguu inakuwa mizito hata mchana ukisimama. Baba yangu ana miguu isiyotulia na mishipa yake haina shida. Yeye ni figo. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kukaa saa nne kwenye kiti bila kuinuka ndiyo adhabu yake kubwa kuliko sindano. Ugonjwa huu na figo ni marafiki.

Pembeni ya kitanda chake hakuna chupa ya maji maana amepimiwa maji ya kunywa. Nimemuwekea kikombe kidogo chenye kipimo cha usiku mzima. Naomba mwenye mgonjwa wa figo asikopi hiyo stuli ya mleta uzi ilivyo.

Mwanaipagala
Asante sana kwa hilo. Mungu amsimamie baba.

Mzabibu
Wakazi wa Dodoma mnakwepa jibu liko mlangoni. Glasi moja ya mvinyo wa zabibu wa hapa hapa, unalala mpaka asubuhi. Chupa yangu iko pembeni ya kitanda.

Nesi Mstaafu
Mzabibu, pombe inakulaza mwanzo, kisha usiku wa manane inakuamsha na miguu inakuwa mibaya zaidi. Sigara vilevile.

Mzabibu
Yangu inanilaza.

Fundi Magodoro Sabasaba
Hamjataja godoro hata mmoja. Godoro lililobonyea katikati linamfanya mtu ajipinde, mishipa ya mgongo inabanwa, miguu inalalamika. Wateja wangu wanabadilisha godoro wanapona.

Daktari Mtarajiwa
Fundi, mshipa wa fahamu ukibanwa mgongoni unatoa maumivu au ganzi inayoshuka kwenye mguu, mara nyingi upande mmoja. Ni kitu tofauti. Na wanaosema nyayo zinawaka moto mchana na usiku, hata wakitembea, wapime sukari. Na ule msuli kubana ghafla ukawa mgumu hata ukiushika, hiyo ni mikakamao, nayo ni habari nyingine. Humu naona watu wanne wanaongelea magonjwa matatu.

Fundi Magodoro Sabasaba
Sawa daktari, lakini godoro baya halijawahi kumsaidia mtu.

Daktari Mtarajiwa
Hapo sina pingamizi.

Kondoa Mjini
Kuna mtu alinipa ushauri wa kuweka kipande cha sabuni chini ya shuka, usawa wa miguu. Nimeweka, na naona afadhali. Msiniulize inafanyaje kazi.

Kijana wa Nkuhungu
Sabuni ya kipande ile ya kufulia au ya kuogea? Nauliza kwa dhati, mama yangu ameanza kulalamika miguu toka nilipomsomea uzi huu.

Kondoa Mjini
Ya kuogea, ya kufulia inanuka chumba kizima. Ila mama yako kwanza mpeleke akapimwe kama Nesi alivyosema.

Nesi Mstaafu
Kuhusu sabuni hakuna ushahidi wa maana ninaoujua, lakini haina madhara. Ninachoogopa ni vilivyomo kwenye droo. Naomba kila mmoja afungue droo ya pembeni ya kitanda aangalie dawa alizonazo. Piriton, ambayo watu wanameza kwa mafua au ili walale, inaweza kuianzisha hiyo hali ya miguu usiku huo huo. Promethazini pia. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika pia. Amitriptilini, ambayo wengine wanapewa kwa ajili ya neva au usingizi, nayo kwa baadhi ya watu inazidisha. Unalala vibaya, unaongeza kidonge, unalala vibaya zaidi. Dawa uliyoandikiwa na daktari usiiache ghafla, rudi kwake umweleze habari ya miguu.

Na vidonge vya kuongeza damu visikae pembeni ya kitanda kama nyumba ina watoto. Vingine vinang'aa, mtoto anaona pipi. Chuma kingi kinaweza kumuua mtoto mdogo. Viweke juu, pafungwe.

Kisasa Mama Kijacho
Nesi umenishtua. Vyangu vilikuwa chini ya mto na nina mtoto wa miaka mitatu. Nimevihamisha sasa hivi nikiwa naandika.

Binti wa Area C
Niongeze la moto. Dodoma mwezi wa sita watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani ili miguu ipate joto. Tafadhali. Ule moshi usioonekana unaua familia nzima wakiwa wamelala. Mshumaa pembeni ya chandarua nao usiuwashe. Na chupa ya maji ya moto ukiilalia wakati miguu ina ganzi ya kisukari utaungua bila kujua, baba mdogo aliamka ngozi imetoka.

Dereva wa Usiku
Pole sana. Basi mto wangu wa maharage umeshinda, hauunguzi mtu.

Mama Mfumaji
Nimesoma kimya kimya. Mimi kilichonisaidia ni kazi ya mikono. Pembeni kuna kikapu chenye nyuzi na sindano ya kufumia vitambaa vya meza. Miguu ikianza nakaa, nafuma mistari kadhaa, macho nusu yamefumba, vidole vinajua njia. Nikiwa na kitu cha kuhesabu, ile hamu ya kutupa miguu inapungua. Mama mkwe anatumia rozari, jirani yangu tasbihi, wote wanasema hivyo hivyo. Kuna mwenye maelezo?

Daktari Mtarajiwa
Imeandikwa kwenye miongozo kabisa mama, akili ikiwa na kazi dalili zinapungua. Kwa nini hasa, hapo kila mtu ana nadharia yake.

Gunzi la Kibaigwa
Kumbe hata kuhesabu madeni ni dawa.

Mwana Manyoni
Mimi nilikuwa naamini huu ni ugonjwa wa wazungu. Kuna utafiti ulifanyika huku kwetu kaskazini mwa Tanzania, wakaukuta kwa watu wachache mno.

Daktari Mtarajiwa
Ndiyo, ulichapishwa mwaka 2010, na idadi ilikuwa ndogo kweli ukilinganisha na Ulaya na Marekani. Wengine wanasema ni jeni zetu, maana kwa wanaoanza mapema ugonjwa unafuata ukoo kama kwa mleta uzi na mama yake. Wengine wanasema maswali hayakufika kwa watu vizuri. Mtu ukimuuliza kama miguu yake haitulii atakuambia anatembea kwenda shambani, unataka itulie vipi.

Mzee wa Bahi
Au ni chakula, kama nilivyosema.

Mwanaipagala
Mzee hulegezi! Uwele na mboga za majani vina chuma, sikatai. Ubuyu tulionao hapa una vitamini C inayosaidia chuma kuingia mwilini. Mimi vidonge nilivyoandikiwa navimeza na juisi ya ubuyu, chai nasogeza mbali. Na ni mpaka upime, kwa sababu chuma kikizidi nacho kinaharibu ini.

Kwa aliyeuliza pembeni faida ya daftari: naandika saa miguu ilipoanza, nilichokula na dawa niliyomeza siku hiyo. Daktari wa kwanza aliniambia ni mawazo. Wa pili nilimpa daftari, akasoma kurasa kama mbili, akaandika kipimo cha feritini palepale.

Dereva wa Usiku
Kuna jamaa yangu alipewa pramipeksoli, ile dawa inayoiga dopamini, ilimtuliza vizuri, lakini sasa miguu inamuanza saa kumi jioni na mikono imeingia. Ameshauriwa aongeze dozi. Ni sahihi?

Nesi Mstaafu
Asiongeze kabla hajaonana na daktari anayeijua dawa hiyo vizuri, na asiiache ghafla. Dawa za kundi hilo zikitumika muda mrefu zinaweza kuuzidisha ugonjwa wenyewe, dalili zinaanza mapema na zinapanda mikononi, hivyo hivyo ulivyoeleza. Ndiyo sababu siku hizi wengi wanaanza na chuma, kisha dawa kama gabapentini. Nayo gabapentini si ya kununua dirishani, ina kizunguzungu. Mtu mzima anayeamka usiku kwenda msalani ataanguka.

Shemeji wa Chang'ombe
Hapo kwenye kuanguka, pembeni ya kitanda pasiwe na gunzi wala beseni kwenye njia ya msalani.

Gunzi la Kibaigwa
Gunzi langu linarudi chini ya kitanda likimaliza kazi, shemeji.

Mwana Manyoni
Wiki ijayo nasafiri kwenda Dar. Basi au treni ya SGR kwa mwenye miguu hii?

Dereva wa Usiku
Nimekuwa mtu wa mabasi maisha yangu yote, lakini panda treni. Utainuka utembee ndani ya behewa bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kata kiti cha upande wa njia, safari ya mchana kama inawezekana.

Mwanaipagala
Na tyubu ubebe, inakunjwa inaingia mfukoni. Mafundi baiskeli wa Majengo wanakuwa nazo zilizopasuka, waombe ile nyembamba, nene haivutiki. Ioshe na sabuni kwanza, zinanuka.

Kijana wa Nkuhungu
Fundi baiskeli anafunga saa ngapi? Namtafutia mama.